Safari ya muuguzi wa nusukaputi katika jeshi la Marekani

MGONJWA anapolazwa katika meza ya upasuaji, fikra za wengi humwelekea daktari anayeshika kisu. Ni wachache wanaomkumbuka mhudumu aliye upande wa kichwa, ambaye humtia mgonjwa usingizi kwa nusukaputi, akalinda pumzi na mapigo ya moyo wake hadi azinduke.

Katika jeshi la Marekani, mara nyingi mhudumu huyo ni muuguzi. Mapema mwaka wa 1915, muuguzi Agatha Hodgins kutoka Cleveland alihudumia majeruhi wa vita nchini Ufaransa pamoja na daktari wa upasuaji George Crile, na kuwafunza wengine ujuzi huo. Karibu karne moja baadaye, vikosi vidogo vya upasuaji vilivyopelekwa Iraq na Afghanistan vilikuwa na watu wapatao 20, wawili wao wakiwa wauguzi wa nusukaputi. Mara nyingi hakukuwa na bingwa wa kuitwa kutoka chumba jirani. Uamuzi ulikuwa wao.

Muuguzi Mkenya anayeishi Marekani, au anayetarajia kuhamia huko, anaweza kuifuata njia hii. Hata hivyo, ngazi zake hupandwa kwa utaratibu.

Ngazi ya kwanza ni shahada ya uuguzi. Mwenye stashahada pekee hana budi kujiendeleza. Aliyesomea Kenya atahitaji pia vyeti vyake vikaguliwe, kisha afaulu mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN.

Ya pili ni tajriba ya angalau mwaka mmoja wa kuhudumia wagonjwa mahututi. Miaka mingi katika wadi ya kawaida haichukui nafasi ya sharti hilo.

Ya tatu ni uraia, na hapa ndipo penye hatari ya kujikwaa. Muuguzi wa jeshi ni ofisa, na kwa kawaida nafasi ya ofisa wa kudumu hutengewa raia. Mwenye green card huruhusiwa kujiandikisha kama askari wa kawaida, na utumishi huo waweza kumfungulia njia ya uraia. Lakini leseni yake ya uuguzi haimpi cheo cha ofisa siku hiyo. Ni heri kuuliza kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa mkataba wa jeshi hauvunjwi kwa notisi ya mwezi mmoja.

Mafunzo yenyewe huchukua takriban miaka mitatu na huishia kwa shahada ya uzamifu, kiwango kinachotakikana kwa wote wanaojiunga tangu 2022. Jeshi la nchi kavu hufundisha wauguzi wake Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas. Mwanafunzi husoma darasani kwanza, kisha huingia vyumba vya upasuaji chini ya uangalizi, na mwishowe hufanya mtihani wa kitaifa.

Wakati wote huo hulipwa mshahara wa ofisa, wala halipi karo. Deni lake ni miaka kadhaa ya utumishi popote atakapotumwa, vitani kukiwemo.

Anayeipenda taaluma hii lakini hayataki magwanda hana haja ya kuvuka bahari: Hospitali ya Kijabe imekuwa ikiwafunza wauguzi utaalamu wa nusukaputi hapa nchini.