Moto Uliopanda Kichwani

Hapa Nyarugusu watu wakiulizana habari, jibu ni "tunakaa tu". Mwaka mmoja mimi nilikaa kupita kiasi, na namaanisha kukaa kwenyewe: chini, juu ya mkeka, miguu nimeikunja, macho nimefumba, nasikiliza pumzi ikiingia na kutoka.

Nilijifunzia kwenye semina ya watu wenye mawazo mengi. Aliyetufundisha alikuwa dada mpole na hakukosea kitu. Alisema dakika kumi, asubuhi na jioni. Zile dakika kumi zilinisaidia kweli, maana usiku wa kwanza nililala bila kuota Uvira. Basi nikapiga hesabu ya kijinga: kama kumi zinatuliza kidogo, saa nne zitatuliza sana. Faili langu la kwenda nchi ya tatu lilikuwa limesimama, shughuli sina, na usiku wa kambini ni mrefu. Nikawa nakaa kuanzia saa nne za usiku mpaka saa nane. Halafu nikaongeza kufunga, kwa sababu kwetu mtu akitaka kitu kwa Mungu anafunga. Mgao wangu wa unga nikawa nagawia watoto wa jirani, najiona mtakatifu.

Wiki ya sita masikio yakaanza kuvuma kama Ruzizi wakati wa mvua. Miguu ikawa baridi hata mchana wa jua kali. Kichwa kinachemka. Nikisikia sufuria imeanguka, nashtuka mpaka machozi yanatoka. Usingizi ukakata kabisa. Zahanati wakapima presha wakaikuta sawa, wakaniambia nile na nipumzike. Jirani mmoja akasema nimerogwa. Kikundi cha maombi kikaona ni pepo, kikataka nifunge siku tatu zaidi.

Katika hali hiyo ndipo nikakutana na Hakuin. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, hakina jalada, kimetupwa kwenye sanduku la vitabu vya msaada pamoja na mafundisho ya kompyuta za zamani. Nilikifungua katikati tu, nikamsoma mtawa wa Japani akisema masikio yake yanavuma kama mto bondeni, miguu yake ni barafu, makwapa yanatoka jasho, macho yamejaa machozi, kila kitu kinamtia hofu. Nikakaa chini palepale. Kumbe mtu aliwahi kuugua ugonjwa wangu miaka 300 iliyopita, na akaupatia jina. Wajapani wanauita ugonjwa wa Zen. Zen ni tawi la dini ya Budha ambalo kazi yake kubwa ni hiyohiyo ya kukaa kimya na kutafakari.

Hakuin Ekaku alizaliwa mwaka 1686 katika kijiji cha Hara, chini ya mlima Fuji. Wazazi wake walikuwa na nyumba ya wageni kwenye barabara kuu ya kutoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, kwenda Kyoto. Hara kilikuwa kituo cha 13 kati ya vituo 53 vya barabara ile. Alipokuwa mtoto alimsikia mhubiri akieleza jehanamu, na tangu siku hiyo akawa anatetemeka hata akisikia kuni zinalia chini ya maji ya kuoga. Naona hapo ndipo pa kuanzia. Mwingine anatafakari kwa sababu ametulia, na mwingine kwa sababu anakimbia moto. Hakuin alikuwa wa pili, na mimi pia.

Akawa mtawa akiwa kijana wa miaka 15. Mwaka 1707 mlima Fuji ulilipuka, na wasifu wake unasimulia kwamba wenzake walikimbia nje, yeye akabaki amekaa hekaluni huku nyumba ikitikisika. Ndugu zangu wa Goma waliomkimbia Nyiragongo mwaka 2002 wangemcheka. Ila kisa hicho kinaonyesha alikuwa mtu wa namna gani: mtu asiyejua kuacha. Mwaka uliofuata, 1708, baada ya kukaa siku na usiku, alisikia kengele ya hekalu ikilia alfajiri, akaona amefunguliwa akili. Akajaa kiburi. Akaenda kujionyesha kwa mzee mmoja mkali aliyeishi Iiyama, Shoju Rojin, na mzee yule akamdharau na kumtukana kwa muda wa miezi minane hivi. Alipotoka pale alizidisha juhudi, hali wala halali vizuri. Ndipo mwili ukakataa.

Alizunguka kwa waganga na walimu, hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akasikia habari za mzee anayeishi peke yake milimani Shirakawa, karibu na Kyoto, anaitwa Hakuyu. Watu walisema ana umri wa miaka kati ya 180 na 240. Hakuin akapanda mlima, akamkuta pangoni, nywele zimefika magotini. Juu ya meza palikuwa na vitabu vitatu tu: kimoja cha wafuasi wa Confucius, kimoja cha Laozi, kimoja cha Budha. Ni kama umkute mzee wa hapa kambini ana Biblia, Kurani na kitabu cha mitishamba juu ya kigoda kimoja, na vyote anavisoma.

Hakuyu alimshika mkono akapima mshipa, akampapasa tumbo, akakunja uso. Akamwambia ametafakari kupita kipimo. Maelezo yake yalikuwa ya tiba ya Kichina: moto wa moyo kazi yake ni kushuka, na maji ya chini kazi yake ni kupanda. Kwa Hakuin vimegeuka, moto umepanda kichwani na miguu imebaki bila kitu. Kwa hiyo hakumpa fikra mpya ya kufikiria. Alimwambia arudishe nguvu chini: chini ya kitovu, kiunoni, magotini, kwenye nyayo.

Kisha akamfundisha dawa ya siagi. Hapo nilicheka peke yangu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Unawaza kwamba kuna donge la siagi laini lenye harufu nzuri, ukubwa wa yai la bata, limewekwa juu ya utosi wako. Linayeyuka taratibu. Linashuka mabegani, kifuani, kwenye mapafu, ini, tumbo, mgongo, nyonga, na yale maumivu yanashuka nalo mpaka chini ya miguu, kama maji yanavyotafuta bonde. Ndiyo hivyo tu. Hakuin anasema alifanya, na haikutimia miaka mitatu magonjwa yote yalikuwa yametoka.

Miaka mitatu! Mimi nilitaka wiki moja.

Hakuin aliyaandika haya akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Kijitabu chake, Yasenkanna, kilichapwa mwaka 1757 kikapendwa sana, hata na watu wasio watawa. Dibaji imetiwa sahihi na mwanafunzi anayejiita Njaa na Baridi, na wajuzi wanasema ni Hakuin mwenyewe anatania. Hata jina la kitabu ni utani. Maana yake ni kama porojo za kwenye mashua ya usiku. Wajapani wana kisa cha mtu aliyejidai amefika Kyoto. Akaulizwa kuhusu Shirakawa, akajibu alipita usiku kwenye mashua, amelala. Na Shirakawa si mahali pa kupita na mashua. Basi mzee anatusimulia safari ya Shirakawa huku anatukonyeza. Watafiti wa karne iliyopita walimtafuta huyo Hakuyu wakamkuta: alikuwa mtu kweli, aliishi kwenye vilima hivyo, na alifariki mwaka 1709. Hakuin anasema alikutana naye mwaka 1710.

Jambo hili lilinisumbua siku kadhaa. Huenda alikosea mwaka, kwa kuwa aliandika baada ya muda mrefu. Huenda alichukua jina la mzee aliyesikia sifa zake, akaweka mdomoni mwake vitu alivyojifunza mwenyewe kwenye vitabu vya tiba na kwa kujaribu. Mimi naelekea huku kwa pili. Sisi tuliopita kwenye mahojiano ya ukimbizi tunajua tarehe inaweza kukosewa na maumivu yakawa ya kweli. Ugonjwa haukuwa porojo. Mtu hawezi kubuni zile nyayo za barafu.

Mwenzangu wa maombi alipoona nasoma mambo ya Japani alinijia juu. "Kaka, hao ni wapagani, sisi hatuna mambo hayo." Nikamwambia tunayo. Mwanzoni mwa karne ya 5, mtawa Yohane Kasiano aliandika mazungumzo yake na wazee wa jangwa la Misri, na humo Abba Musa anasimulia habari za mzee Heron. Heron aliishi jangwani miaka 50, akafunga kuliko wote, hata siku ya Pasaka hakukubali kula na ndugu zake asije akaonekana amelegea. Mwishowe akaona malaika, au alichodhani ni malaika, akajitupa kisimani akiamini hatadhurika. Walimtoa akiwa hoi, akafa siku ya tatu. Kasiano hasemi kufunga ni kubaya. Anachosema ni kwamba aliyefunga kupita kiasi na aliyekula kupita kiasi wanafika shimo moja. Wabudha nao wana Sona, kijana wa nyumba ya kitajiri huko India aliyetembea akitafakari mpaka nyayo zikatoka damu. Budha akamuuliza kuhusu nyuzi za kinanda chake: zikikazwa mno zinalia vizuri? Zikilegea je? Mwenzangu alinyamaza. Siku tatu za kufunga hazikutajwa tena.

Nawaandikia pia ninyi wafanyakazi wa mashirika, maana mnatufundisha kupumua, na asanteni. Mwaka 2017, Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitoa utafiti baada ya kuongea na karibu watu 100, watafakari na walimu wao. Waliorodhesha aina 59 za mambo yanayoweza kumpata mtu anayetafakari, mengine mazuri na mengine ya kutisha: kukosa usingizi, hofu, sauti, mwili kutetemeka, kujiona hauko ndani ya mwili wako. Naomba tu, semina ijayo, mkishasema dakika kumi, mwambie na mtu afanye nini akizidisha. Hapa kambini kuzidisha ni rahisi. Muda tunao.

Siagi kambini hakuna, labda mtu akiagiza Kasulu mjini. Mimi niliwaza mafuta ya mawese, yale mekundu ya kwetu, yaliyopashwa moto kidogo. Yalishuka vizuri zaidi, nadhani, kwa sababu harufu yake naijua. Lakini nisidanganye kwamba ni mawese peke yake. Jirani yangu ni koko mmoja wa Fizi, bibi asiyejua kusoma. Siku aliyonikuta nimekodoa macho mlangoni, saa kumi na moja alfajiri, hakuuliza pepo wala faili.

"Weye mutoto, njo unakaaka hivi usiku mzima?"

"Ndiyo, koko. Natafuta amani."

"Simama. Kamata hii muchi."

Akanipa mchi, nikatwanga sombe. Nilitwanga mpaka mikono ikaniuma, halafu akanikalisha nikala mbele yake, sahani nzima, yeye anatazama. Kesho yake dumu la maji. Kesho kutwa kamba ya kufunga uzio. Kukaa usiku alinikataza kabisa, na kwa miezi miwili nilimtii kuliko nilivyowahi kumtii mchungaji. Jioni nililala chali, miguu nimenyoosha, nayawaza mawese yakishuka, na mara nyingi yalinifikisha magotini tu kabla usingizi haujanichukua.

Baadaye nikaona kwamba Hakuin alifanya jambo karibu na hilo. Katika barua zake, moja kwa bwana mkubwa wa ukoo wa Nabeshima, aliandika kwamba kutafakari katikati ya shughuli kunapita mbali kule kwa kujifungia kimya. Wanafunzi wake waliozidisha wakaugua aliwafundisha kunyoosha miguu na kupeleka nguvu chini kabla ya kulala. Yeye mwenyewe alirudi kijijini Hara, kwenye hekalu dogo bovu la Shoin-ji, akafundisha wakulima na watawa, akachora picha nyingi mno, nyingine za kuchekesha kabisa, na akafa huko mwaka 1769. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Yule kijana ambaye waganga walishindwa naye.

Nilimsimulia koko habari yote, mpaka mzee wa pangoni na miaka yake 240. Alisikiliza huku anachambua maharage. Akauliza yule mzee alikuwa anakula nini. Nikasema kitabu hakielezi vizuri. Akatikisa kichwa, akaendelea na maharage.

Siku hizi nakaa tena, dakika kumi, asubuhi, nje, nyayo zimegusa udongo. Faili bado limesimama. Nikilala vibaya siku mbili mfululizo sikio la kushoto linaanza kuvuma kidogo, na hapo naacha kukaa, nakwenda kumuuliza koko kama kuna sombe.