Fereti, Sungura na Hofu ya Watawala

Mwaka 1390 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoamua nani afuge fereti na nani asifuge. Fereti ni mnyama mdogo wa jamaa ya kicheche, mwembamba, aliyefugwa Ulaya kwa karne nyingi. Kazi yake ni kuingia katika mashimo ya sungura na kuwatimua hadi wanase kwenye nyavu zilizotegwa nje. Kwa maskini, fereti mmoja na nyavu chache vilimaanisha kitoweo.

Sheria hiyo ya Mfalme Richard II ilisema kwamba mlei asiye na ardhi ya kumwingizia shilingi 40 kwa mwaka, na kasisi asiyefikisha pauni 10, wasiwe na mbwa wa kuwindia, fereti wala nyavu. Aliyekaidi alifungwa mwaka mmoja.

Sababu zilielezwa katika sheria yenyewe. Ilidaiwa kuwa mafundi, vibarua na watumishi huenda kuwinda siku za ibada, Wakristo wema wakiwa kanisani, na kwamba kwa kisingizio cha uwindaji hukutana na kula njama za uasi. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Miaka tisa tu kabla, mwaka 1381, wakulima walioelemewa na kodi ya kichwa walikuwa wameingia London na kumuua Askofu Mkuu wa Canterbury. Huko St Albans, ambako abasia ilihodhi haki ya kuwinda, waasi walimfunga sungura hai kwenye nguzo ya adhabu, ishara kwamba haki hiyo sasa ni yao. Watawala hawakuisahau ishara ile.

Sheria ya 1671 ilikaza kamba zaidi. Mwenye shamba lake alitakiwa awe na pato la pauni 100 kwa mwaka, na walinzi wa mabwana wakaruhusiwa kupekua nyumba za watu na kuchukua bunduki, nyavu na fereti. Kigezo hicho cha mali kilifutwa mwaka 1831.

Sisi tunaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kuwinda kukahitaji kibali cha serikali. Aliyewinda kama babu zake bila karatasi hiyo akawa mhalifu.

Je, kila katazo ni dhuluma? La hasha. Nchini New Zealand fereti waliingizwa katika miaka ya 1880 ili wapunguze sungura, nao wakawageukia ndege wa asili, wakiwemo kiwi wasioweza kuruka. Tangu 2002 kuwauza na kuwazalisha ni marufuku. Katazo hilo halimuulizi mtu ana ekari ngapi, na madhara linayoyazuia yanaweza kuchunguzwa na yeyote.

Ndugu zangu watumishi wa umma, ninyi ndio mnaoandaa rasimu za kanuni, ada na vibali. Kabla ya kuipeleka rasimu mezani kwa wakubwa, someni kwa makini kifungu kinachotaja nani asamehewe na nani alipe kiasi gani. Wanafunzi nanyi, mkikutana na sheria inayodai kulinda ibada, usafi au utulivu, tafuteni kilichotokea miaka tisa kabla yake.