Mcheza Kwao Hutuzwa? Mfululizo wa Rays na Astros wa Oktoba 2020 na Uhalali wa Mashindano Wakati wa Janga

Ikisiri

Makala hii inachunguza mechi saba za besiboli zilizochezwa kati ya Tampa Bay Rays na Houston Astros jijini San Diego, Marekani, kuanzia tarehe 11 hadi 17 Oktoba 2020, katika msimu uliofupishwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Makala inadai kwamba matokeo ya mfululizo huo yalikubalika kwa kuwa kanuni zake zilijulikana kabla ya mashindano kuanza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya gharama ya makubaliano hayo iliwaangukia watu ambao hawakuwa na kiti katika meza ya mazungumzo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Katika michezo ya kulipwa methali hii huchukuliwa kama kanuni: timu iliyofanya vizuri zaidi katika msimu hupewa haki ya kucheza mechi nyingi nyumbani, mbele ya mashabiki wake. Oktoba 2020 kanuni hiyo iliwekwa kando. Timu ya Florida na timu ya Texas zilikutana California, katika uwanja wa timu ya tatu iliyokuwa imekwishatolewa, na viti havikuwa na mtazamaji hata mmoja. Mshindi angekuwa bingwa wa Ligi ya Amerika, mojawapo ya matawi mawili ya Ligi Kuu ya Besiboli, na angeingia fainali ya taifa iitwayo World Series.

Rays walikuwa wamemaliza msimu wa kawaida wakiwa na ushindi 40 na vipigo 20. Astros walishinda mara 29 na kushindwa mara 31. Kwa hiyo timu iliyoshindwa zaidi ya ilivyoshinda ilibakiza mechi moja tu kufika fainali. Je, mashindano yanayoruhusu jambo hilo ni halali? Swali hili linavuka mipaka ya michezo. Linamhusu kila mtunga sera anayelazimika kubadili taratibu katikati ya dharura na bado akahitaji matokeo yake yaheshimiwe.

2.0 Usuli: Misimu Iliyokatizwa Kabla ya 2020

Msimu wa 2020 haukuwa wa kwanza kukatizwa. Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani, serikali iliwataka wanaume wenye umri wa kuandikishwa jeshini wafanye kazi zenye manufaa kwa vita au wapiganie nchi. Msimu ukafungwa mapema, na fainali kati ya Boston Red Sox na Chicago Cubs ikachezwa mwanzoni mwa Septemba, wakati homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani ilipokuwa ikijikusanyia nguvu. Kabla ya mechi ya tano wachezaji waligoma kuingia uwanjani kwa takribani saa moja wakidai mgawo bora wa mapato ya milangoni. Mwaka 1981 mgomo uliugawa msimu vipande viwili. Mwaka 1994 mgomo mwingine ulisababisha World Series isichezwe kabisa.

Historia hiyo inaonyesha kwamba kila ratiba ilipovunjika, mgogoro wa fedha ulijitokeza, hata palipokuwa na mgogoro wa afya au wa vita. Hali ya mwaka 2020 haikuwa tofauti.

3.0 Namna Msimu Ulivyofupishwa

Maandalizi ya msimu yalisimamishwa tarehe 12 Machi 2020. Tarehe 26 Machi, siku ambayo mechi za kwanza zilipangwa kuchezwa, ligi na chama cha wachezaji walifikia makubaliano kuhusu malipo. Chama kilishikilia kwamba mchezaji alipwe kulingana na idadi ya mechi zitakazochezwa. Wamiliki nao walisema hesabu hiyo haiwezekani bila viingilio vya mashabiki. Mvutano ulidumu wiki nyingi, hadi mwishoni mwa Juni kamishna Rob Manfred alipotumia mamlaka yaliyotokana na makubaliano ya Machi kuweka msimu wa mechi 60 kwa kila timu badala ya 162.

Mechi zilianza tarehe 23 Julai. Ili kupunguza safari, kila timu ilikutana na timu za kanda yake ya kijiografia pekee. Toronto Blue Jays, baada ya serikali ya Kanada kukataa timu ziwe zikivuka mpaka mara kwa mara, walihamishia mechi zao za nyumbani Buffalo, katika jimbo la New York. Siku chache baada ya kuanza, maambukizi yalienea miongoni mwa wachezaji wa Miami Marlins, na baadaye St. Louis Cardinals walikaa zaidi ya wiki mbili bila kucheza. Pamoja na hayo, kati ya mechi 900 zilizopangwa, 898 zilichezwa.

Uamuzi wenye uzito zaidi kwa makala hii ulifikiwa tarehe 23 Julai, saa chache kabla ya mechi ya kwanza: idadi ya timu zitakazoingia hatua ya mtoano iliongezwa kutoka 10 hadi 16. Timu mbili za juu za kila kundi zingepita moja kwa moja. Astros walishika nafasi ya pili katika kundi lao, wakapita. Kwa kanuni za mwaka uliotangulia wangebaki nyumbani.

4.0 Siku Saba za San Diego

Katikati ya Septemba ligi ilitangaza kwamba kuanzia robo fainali mechi zote zingechezwa katika viwanja vichache vya California na Texas, na wachezaji wangekaa hotelini chini ya uangalizi. Kwa kuwa hapakuwa na safari kati ya mechi, siku za mapumziko ndani ya mfululizo ziliondolewa hadi kufikia World Series. Rays na Astros walicheza mechi saba katika siku saba.

Badiliko hilo liligusa kiini cha mchezo. Katika besiboli mrushaji anayeanza mechi huhitaji siku kadhaa za kupumzisha mkono. Mapumziko yakiondolewa, timu yenye warushaji wengi wa akiba hupata nafuu kuliko timu inayotegemea nyota wachache. Rays, ambao bajeti yao ya mishahara ilikuwa miongoni mwa ndogo kabisa katika ligi, walikuwa wamejijenga kwa mfumo huo wa warushaji wengi wanaopokezana. Walishinda mechi tatu za kwanza kwa 2-1, 4-2 na 5-2.

Kisha Astros wakazinduka. Walishinda mechi ya nne kwa 4-3, ya tano kwa 4-3 na ya sita kwa 7-4. Katika historia ya ligi ni timu moja tu, Boston Red Sox ya mwaka 2004, iliyokuwa imetoka nyuma kwa mechi tatu bila na kulazimisha mechi ya saba. Ushindi wa mechi ya tano ulipatikana kwa pigo la Carlos Correa lililouvusha mpira nje ya uzio katika awamu ya tisa, na Astros wakashinda papo hapo kwa kuwa siku hiyo wao ndio waliohesabiwa kuwa wenyeji, na mwenyeji hupiga wa mwisho. Uenyeji ulikuwa umebaki kuwa mstari katika karatasi ya ratiba, lakini mstari huo ulikuwa na nguvu ya kuamua namna mechi inavyomalizika.

Mechi ya saba Rays walishinda 4-2. Randy Arozarena, mzaliwa wa Kuba, alipiga mpira nje ya uzio katika awamu ya kwanza, na akatajwa kuwa mchezaji bora wa mfululizo. Yeye mwenyewe aliwahi kuambukizwa virusi vya korona kabla ya msimu kuanza na kukaa karantini, hata akachelewa kujiunga na kikosi. Upande wa pili, Astros waliongozwa na Dusty Baker, kocha wa miaka 71, umri ambao wataalamu wa afya waliuweka katika kundi la hatari kubwa. Kwa watu hawa wawili janga halikuwa suala la ratiba pekee.

5.0 Ukimya wa Majukwaa

Astros waliingia mwaka 2020 wakiwa na doa. Januari, uchunguzi wa ligi ulibaini kwamba mwaka 2017, walipotwaa ubingwa, walitumia kamera kuiba ishara za wapinzani. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 5, na kocha pamoja na meneja mkuu walifungiwa mwaka mmoja kisha wakafukuzwa. Wachezaji hawakuadhibiwa. Adhabu iliyosubiriwa ilikuwa ya mashabiki: kuzomewa katika kila mji. Janga liliwaondolea adhabu hiyo. Hapa tunaona kwamba umma si pambo la mashindano. Ni mojawapo ya vyombo vya uwajibikaji, na unapoondolewa uwanjani baadhi ya hesabu hubaki bila kulipwa.

Ukimya huo pia haukuwa sawa kila mahali. Wakati San Diego palikuwa patupu, fainali ya Ligi ya Taifa kati ya Los Angeles Dodgers na Atlanta Braves ilichezwa Arlington, Texas, mbele ya mashabiki wapatao 11,000 kwa mechi, katika uwanja wenye nafasi za takribani watu 40,000. Ligi ilikuwa moja, wiki ilikuwa moja, na virusi vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni mamlaka za majimbo. Neno “uwanja usio na mwenyeji” kwa hiyo linahitaji kutumiwa kwa tahadhari, kwa sababu kila uwanja una serikali yake.

6.0 Nani Alibeba Gharama?

Mtoano uliopanuliwa ulikuwa na maana ya kifedha iliyo wazi: viwanja vikiwa vitupu, haki za televisheni ndizo zilizobaki kuwa chanzo kikuu cha mapato, na thamani yake kubwa imo katika mechi za Oktoba. Wachezaji, ambao kwa desturi hugawana sehemu ya viingilio vya mtoano, walihakikishiwa mfuko wa dola milioni 50. Ugomvi wa 1918 ulikuwa umepatiwa jibu safari hii kabla ya mpira kurushwa.

Lakini meza hiyo haikuwa na viti vya wote. Tarehe 30 Juni 2020 msimu mzima wa ligi ndogo, ambako vijana hulelewa kabla ya kupanda ligi kuu, ulifutwa. Uteuzi wa wachezaji wapya, uliokuwa na raundi 40 mwaka 2019, ulipunguzwa hadi raundi 5. Mwaka 2021 timu za ligi ndogo zilizofungamana na ligi kuu zilipunguzwa kutoka takribani 160 hadi 120. Mpango wa kupunguza timu ulikuwa umeanza kujadiliwa kabla ya janga, lakini janga liliwanyima walioupinga uwanja wa kusemea. Wauza vyakula, wakata tiketi na walinzi wa viwanja nao hawakuwa na kiti katika meza hiyo.

7.0 Mtihani wa Mwisho

Rays walikutana na Dodgers katika World Series huko Arlington. Tarehe 27 Oktoba, katika mechi ya sita, Dodgers walishinda 3-1 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1988. Katika mechi hiyo hiyo Justin Turner wa Dodgers aliondolewa uwanjani mwanzoni mwa awamu ya nane baada ya kipimo chake kuonyesha maambukizi, ingawa wiki nyingi zilikuwa zimepita bila mchezaji yeyote kutangazwa kuambukizwa. Mechi ilipokwisha alirudi uwanjani kusherehekea na kupiga picha na wenzake. Ligi ilichunguza tukio hilo, na mwishowe haikumwadhibu.

Tukio hilo linafundisha jambo ambalo itifaki nyingi hulisahau. Ligi ilikuwa imepanga hoteli, vipimo na safari. Saa ya furaha, ambapo bingwa anakumbatiwa na wenzake, haikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumzuia.

8.0 Hitimisho

Astros hawakuingia kwa mlango wa nyuma. Mlango ulipanuliwa mbele ya wote, siku ambayo kila timu ilikuwa bado haijashinda wala kushindwa. Ndiyo maana Rays, waliowazidi kwa ushindi 11 katika msimu, hawakuwa na msingi wa kulalamika kama wangeshindwa mechi ya saba. Tofauti inaonekana tukitazama kanda yetu. Aprili 2020 shirikisho la soka la Kenya lilitangaza kwamba msimu umekwisha na Gor Mahia ni bingwa, uamuzi ambao baadhi ya wadau waliupinga. Tanzania ilisimamisha ligi Machi na kuirejesha Juni, na Simba wakatwaa taji uwanjani. Hatudai kwamba njia moja ingefaa kila nchi, kwa kuwa uwezo wa kupima na kuwatenga wachezaji haukuwa sawa. Tunadai kwamba kanuni ya kuvunja msimu inapaswa kuandikwa kabla msimu haujaanza.

Kwa washauri wa sera, mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, katiba za mashirikisho ziweke wazi idadi ya mechi zinazotosha kumpata bingwa iwapo msimu utakatizwa. Pili, mfuko wowote wa dharura uwatambue wafanyakazi wa viwanjani na timu za vijana, na wawakilishi wao washiriki katika kuupanga. Tatu, itifaki za afya zimtaje kwa cheo mtu mwenye mamlaka ya mwisho hadi mchezaji wa mwisho atakapoondoka uwanjani. San Diego hakuna aliyecheza kwao, na bado mshindi alipatikana na akakubalika. Waliokosa tuzo kabisa ni wale ambao uwanja ule mtupu ndio uliokuwa riziki yao.