Godoro Letu Lilitoka Wapi, na Hubadilishwa Lini?

Leo nina ombi dogo kabla hatujaanza. Nenda kitandani, uweke kiganja chako katikati ya godoro, pale mnapolala kila siku, kisha ubonyeze kwa nguvu. Je, umegusa mbao? Kama umezigusa, mazungumzo ya leo ni yako.

Mada hii nilipewa na nyanya mmoja niliyemtembelea nyumbani kwake. Alikuwa akimuuguza mumewe aliyepooza. Mzee alikuwa na kidonda juu ya mfupa wa makalio, na godoro lake la sponji lilikuwa limebonyea katikati likawa kama karai. Nilipomwambia kwamba godoro limezeeka, nyanya alinitazama, akasema: "Sista, sisi tulipolalia majani tuliyabadilisha kila yalipochoka. Hili lenu la dukani hubadilishwa lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimekuja kuona kwamba jibu limo katika historia ya godoro lenyewe.

Tuanze mbali. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kuna pango liitwalo Sibudu. Mwaka wa 2011 wachunguzi wa mambo ya kale walieleza kwamba ndani yake wamepata malalo ya watu yenye umri wa miaka 77,000 hivi. Watu hao walitandika nyasi na mafunjo ya mtoni, kisha juu yake wakaweka majani ya mti wenye kemikali za kuua wadudu. Tena, kuanzia miaka 73,000 hivi iliyopita, walikuwa na desturi ya kuyachoma malalo yaliyochakaa na kutandika mengine. Unaona, mama? Hata kabla ya sabuni, binadamu alijua kwamba kitanda kichafu ni adui.

Hata kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Wengine walilalia ngozi ya ng'ombe, wengine mkeka, wengine gunia lililojazwa nyasi kavu. Pwani kulikuwa na kitanda cha kamba na godoro la sufi. Mkeka ulikung'utwa na kuanikwa. Nyasi zilimwagwa, zikaletwa nyingine. Sufi ilipogandamana, godoro lilifumuliwa, sufi ikaanikwa na kuchambuliwa, kisha likashonwa tena. Malazi hayo hayakuwa laini sana, lakini yalikuwa na siku yake ya kufanywa upya.

Sasa sponji ilitoka wapi? Mwaka wa 1929, katika kampuni ya Dunlop nchini Uingereza, mtaalamu aitwaye E. A. Murphy alichukua utomvu wa mpira akaupigapiga kama mtu apigavyo mayai ya keki, hadi ukaumuka na kujaa mapovu. Ulipokauka, mapovu yakabaki ndani. Hiyo ilikuwa sponji ya mpira. Halafu mwaka wa 1937, katika mji wa Leverkusen nchini Ujerumani, Otto Bayer na wenzake wakagundua njia ya kutengeneza poliurethani kwa kuchanganya kemikali. Katika miaka ya 1950 viwanda vikaanza kuitumia kutengeneza sponji laini. Kemikali huchanganywa, gesi hutokea, na mchanganyiko huumuka kama unga wa maandazi. Sponji tunayolalia nyumbani kwa kawaida ni hiyo.

Ilipendwa kwa sababu nzuri. Ni nyepesi, ni laini, na bei yake inafikiwa na watu wengi. Godoro zima hufungwa juu ya matatu likafika kijijini jioni hiyo hiyo. Mwaka wa 1966 mhandisi wa Marekani, Charles Yost, akifanya kazi ya shirika la anga la NASA kuhusu viti vya ndege, alitengeneza sponji nyingine inayofuata umbo la mwili na kurudi polepole. Baadaye aina hiyo iliingia hospitalini kuwasaidia wagonjwa wasioweza kujigeuza.

Lakini, mpendwa mlezi, sponji ilikuja na mambo matatu ambayo majani hayakutufundisha.

Jambo la kwanza ni moshi wake. Tarehe 8 Mei 1979, moto ulizuka katika duka la Woolworths mjini Manchester, Uingereza, mahali palipopangwa viti na makochi ya sponji. Watu 10 walikufa. Sponji hii ikiungua hutoa moshi mzito wenye sumu, na moshi huo unaweza kumuua mtu kabla moto haujamfikia. Mwaka wa 1988 Uingereza ilitunga kanuni kali kuhusu sponji ya viti na magodoro. Kwetu sisi, somo ni hili: koroboi, mshumaa, jiko la makaa na dawa ya mbu ya kuchoma visikae karibu na godoro. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara kitandani.

Jambo la pili ni mtoto mchanga. Kwa miaka mingi Ulaya na Marekani wazazi walishauriwa kuwalaza watoto kifudifudi. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba watoto waliolazwa hivyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa usingizini, hasa juu ya matandiko laini ambayo uso unaweza kuzama. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka wa 1991, Marekani mwaka wa 1994, na vifo hivyo vikapungua sana. Kwa hiyo mlaze mtoto chali, juu ya godoro gumu kiasi, lililo tambarare, bila mto na bila kipande cha sponji chini ya kichwa. Ukiweka plastiki ya kuzuia mkojo, ifungwe imara juu ya godoro na kufunikwa kwa shuka iliyokazwa. Mfuko wa plastiki uliolegea unaweza kumziba pumzi.

Jambo la tatu ndilo alilouliza nyanya. Majani yakichoka unayaona. Sponji huchoka kimyakimya. Ndani yake ni vijumba vidogo vya hewa. Uzito wa mwili, jasho na mkojo huviharibu mwaka baada ya mwaka, huku foronya ya maua juu yake ikiendelea kupendeza.

Basi unapokwenda kununua, usidanganywe na unene. Godoro la inchi 8 lililo jepesi kama pamba litabonyea mapema kuliko la inchi 6 lililo zito. Muuzaji anaposema haidensiti au hevi dyuti, anazungumzia uzito wa sponji yenyewe. Inua magodoro mawili ya ukubwa mmoja, ulinganishe. Bonyeza kwa goti uone kama linarudi upesi. Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Ukiuziwa godoro lililotumika, chunguza mishono na mikunjo yote, kwa maana humo ndimo kunguni hujificha.

Likifika nyumbani, livalishe foronya inayoweza kuvuliwa na kufuliwa. Ligeuze mara kwa mara, upande wa kichwa uende miguuni. Mtoto akikojoa, usilimwagie maji mengi, maana sponji hunywa maji na kukaa na unyevu ndani. Kandamiza kwa kitambaa kikavu, pangusa kwa maji kidogo ya sabuni, kisha lisimamishe ukutani penye upepo hadi likauke kabisa. Unyevu huleta ukungu, na ukungu humsumbua mtoto mwenye pumu. Jua ni zuri, lakini usianike sponji iliyo uchi juani siku kutwa, kwa sababu jua huifanya iwe ya manjano na kumeguka kama unga. Shuka zifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto ukiweza. Kunguni wakiingia, mimina maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda na chemsha matandiko. Usinyunyizie godoro dawa ya shambani wala mafuta ya taa.

Na je, lile kuukuu? Wengi wetu humkatia mbwa au paka kipande. Si vibaya, ila fahamu kwamba mayai ya viroboto huanguka kutoka kwa mnyama na kuanguliwa pale anapolala, na kiroboto mchanga anaweza kujificha ndani ya kifuko chake kwa miezi akingoja damu. Kipande hicho kishonee mfuko wa kitambaa kigumu, uufue kwa maji moto kila wiki, na usikiweke chumba cha watoto. Sponji isiyofunikwa mbwa huitafuna, na akiimeza inaweza kuziba matumbo yake. Ikianza kumeguka, itupe pamoja na takataka nyingine. Wale wa Sibudu waliyachoma majani yao. Sponji usiichome uani, kwa sababu ya moshi ule tuliousema.

Sasa, nyanya, jibu lako ni hili. Godoro hubadilishwa mkono unapogusa mbao, linapobonyea lisirudi, linapomeguka, au linapobaki na harufu hata baada ya kukauka. Usihesabu miaka tu. Lipime kwa mkono, kila msimu, kama ulivyoyapima majani.

Kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, godoro zuri peke yake halitoshi. Mgeuze kila baada ya saa 2, mweke mkavu, na umkague makalio, nyonga na visigino kila siku. Ukiona alama nyekundu, au ngozi iliyobadilika rangi, ambayo haiondoki baada ya kumgeuza, usiisugue. Usimlalie upande huo, na umwone mhudumu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Mwana wa yule nyanya alileta godoro jipya, gumu kiasi. Nyanya hakuwa na saa ukutani, ila alikuwa na redio, na redio hiyo hutoa habari kila saa. Basi kila baada ya taarifa mbili za habari alimgeuza mzee. Niliporudi baada ya majuma kadhaa, kidonda kilikuwa kinafunga kutoka pembeni. Lile godoro la karai halikuwapo tena. Aliniambia, "Sista, sasa nimejua siku yake."

Nawe je, umeijua siku ya lako? Hadi tutakapokutana tena, lala salama.