Wimbo wa Mwalimu Sontonga

Wengi wetu tumeuimba wimbo wa Mungu ibariki Afrika tangu utoto, tukisimama wima; lakini ni wachache waliopata kuuliza umetoka wapi. Asili yake si kwetu. Ulitungwa mbali, na mtu wa kazi moja nasi tufundishao watoto.

Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa, aliyezaliwa Uitenhage katika Afrika ya Kusini yapata mwaka 1873. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko alifundisha, akaongoza kwaya, tena alikuwa mpiga picha. Nyimbo aliwatungia wanafunzi wake, akiziandika katika daftari kwa herufi za solfa. Mwaka 1897 akatunga ubeti mmoja na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika; ukaimbwa mbele ya watu mara ya kwanza mwaka 1899, siku alipowekwa wakfu mchungaji Boweni.

Herufi hizo za solfa ndizo miguu ya wimbo huu. Nota za mistari mitano zataka mpiga chapa mwenye vifaa vyake na mwimbaji aliyefundishwa hasa. Bali d, r, m, f huandikwa ubaoni kwa chaki, na mtoto ye yote ajuaye kusoma aweza kuzinakili. Hivyo wimbo hupita toka shule hata shule bila kinanda. Kwaya ya shule ya Ohlange, ya John Dube, ikauchukua. Na tarehe 8 Januari 1912 ukaimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba London, ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1927 ukapigwa chapa pamoja na beti saba alizoziongeza mshairi Mqhayi.

Sontonga hakuyaona hayo. Alikufa mwaka 1905, angali kijana wa miaka thelathini na kitu, akaacha mke, Diana, na mtoto mmoja. Husimuliwa kwamba viongozi wa kwaya walimwendea mjane kuazima nyimbo, na ya kuwa haki ya wimbo huu aliiuza kwa peni sita tu. Daftari nalo likapotea. Mwalimu aliyepata kuazimisha daftari lake atanielewa.

Wimbo wenyewe ulikuwa safarini. Tanganyika iliufanya wimbo wa taifa ilipopata uhuru mwaka 1961, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia ikaitwaa sauti yake mwaka 1964 na kuitungia maneno mengine. Zimbabwe ikauimba tangu 1980 hata 1994. Ajabu ni kwamba nyumbani kwao ndiko ulikochelewa. Miaka yote ya ubaguzi watu waliuimba mikutanoni na makaburini, wala haukuwa wimbo wa taifa mpaka mwaka 1994. Na mwaka 1997 ukaunganishwa na Die Stem, wimbo wa serikali ya zamani. Kwa kwaya mshono huo ni mgumu, nami sikuupenda niliposikia mara ya kwanza. Lakini waliokaa pamoja baada ya mambo yale ndio waliochagua, si mimi.

Na kaburi lake? Lilitafutwa sana katika makaburi ya Braamfontein lisionekane, kwa maana kitabuni alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch, si Sontonga. Hata tarehe 24 Septemba 1996, Rais Nelson Mandela akafunua pale jiwe la ukumbusho.