Plastiki kwa mwanga: kwa nini mrija mwembamba na si chupa kubwa?

Leo nawaletea kemia, ila msikimbie. Ile taa ya bluu ya daktari wa meno na ile ya saluni ya kucha za jeli zinafanya kazi moja. Hazikaushi kitu, zinaunganisha molekuli.

Inakuwaje?
Kwenye jeli kuna molekuli ndogo ziitwazo monoma, pamoja na kianzishi. Mwanga ukikipiga kianzishi, kinatoa radikali huru. Radikali inadaka monoma, hiyo inadaka nyingine, mnyororo unarefuka mpaka tunapata polima.

Tatizo liko wapi?
Mwanga hauzami mbali. Tuseme milimita ya kwanza inameza nusu yake, ya pili inameza nusu ya kilichobaki, na kuendelea. Baada ya milimita 10 inabaki chini ya sehemu moja kwa elfu. Kwa hiyo ukijaza chupa kubwa, pembeni panaiva, katikati pabichi. Halafu kazi yenyewe inatoa joto, na kwenye chombo kikubwa halina pa kutokea haraka.

Dawa yake
Wataalamu wanazungushia taa mrija unaopitisha mwanga, wenye upana wa milimita 1 kwa ndani. Pampu inasukuma mchanganyiko taratibu. Mwanga unafika kote, joto linatoka upesi. Piga hesabu: mrija wa mita 10 unabeba mililita 7.85. Ukisukuma nusu mililita kwa dakika, kila tone linakaa kwenye mwanga dakika 16 hivi. Unataka mzigo zaidi? Acha pampu iendelee tu.

Mwaka 2014 kundi la Tanja Junkers wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, lilichapisha kazi ya kutengeneza polima ya methili akrilati namna hii, likitumia shaba kuongoza minyororo.

Si mteremko lakini. Oksijeni inazima radikali, hivyo mara nyingi mchanganyiko hupulizwa nitrojeni kwanza. Na polima ikizidi, uji unakuwa mzito, mrija unaweza kuziba.

Inatuhusu nini?
Dada zangu wa kucha, hapa ndipo penyewe. Jeli ikipakwa nene au taa ikiwa dhaifu, chini panabaki monoma mbichi. Akrilati mbichi zikigusa ngozi zinaweza kuleta mzio wa kudumu. Mwambie fundi apake nyembamba, tabaka kwa tabaka, na isiguse nyama. Kuwa ngumu juu si kuiva chini.

Mwenye nyongeza au swali, tupia hapo chini.