Asante ya Haraka

Jumapili moja nilienda kwa kinyozi wetu hapa Migosi, nikaunganisha simu yangu na spika yake, nikawaambia waliokuwemo: leo ninyi mnasikiza, mimi naandika. Walikuwa wanne. Kinyozi mwenyewe, ambaye hasikizi ngoma yenye umri wa kumzidi. Mteja mmoja aliyekuwa na povu kidevuni, kwa hivyo hakuwa na pa kwenda. Mama anayekaanga samaki nje ya mlango. Na baba mdogo wangu, aliyepiga gita la ridhimu kwenye baa za Kondele kutoka miaka ya themanini hadi mwanzo wa 2008, akaacha.

Albamu niliyoweka inaitwa Thank You Very Quickly. Ni ya bendi inayoitwa Extra Golden, ilitoka Machi 2009, na baada yake hawakutoa nyingine. Ina nyimbo sita tu. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyewahi kusikia jina la bendi hiyo, ingawa waimbaji wake ni watu wa huku kwetu na nyimbo nyingi ni za Kijaluo.

"Hawa ni nani?" baba mdogo aliuliza kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Kisha akajijibu: "Huyu mpiga dramu ni wetu."

Alikuwa amepatia. Dramu ni za Onyango Wuod Omari. Lakini magita mawili kati ya yale aliyokuwa akiyasikia yalipigwa na Wamarekani, Ian Eagleson na Alex Minoff, ambao kwao walikuwa na bendi ya roki iliyoitwa Golden. Si bendi ya mchezo. Jon Theodore, ambaye baadaye alijulikana kwa dramu zake kwenye The Mars Volta, alipitia humo, na Phil Manley wa Trans Am pia. Eagleson alikuja Kenya kutafiti benga kwa masomo yake ya uzamifu. Hapo akakutana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gita wa Orchestra Extra Solar Africa. Chukua neno moja kwa bendi ya huku na moja kwa bendi ya kule, unapata Extra Golden.

Mwaka 2004 walirekodi nyimbo zao za kwanza Nairobi. Albamu hiyo, Ok-Oyot System, ilitolewa 2006 na Thrill Jockey, kampuni ya Chicago inayojulikana kwa roki mbadala kama ya Tortoise. Ok oyot maana yake si rahisi. Otieno hakuiona ikitoka. Alifariki 2005.

Bendi nyingi zingekufa hapo. Hii ilimpata Opiyo Bilongo, mwimbaji wa benga mwenye jina lake tayari, na baadaye Onyango Jagwasi, nduguye marehemu. Wakatoa Hera Ma Nono mwaka 2007. Humo mna wimbo unaoitwa "Obama", na watu wakiuona leo hudhani ni wa zile nyimbo mia moja zilizotungwa alipokuwa akigombea urais. Sivyo. Mwaka 2006 bendi ilialikwa kwenye tamasha Chicago, viza zikasumbua, na ofisi ya seneta wa Illinois ikasaidia. Seneta huyo alikuwa Barack Obama. Wimbo ule ni shukrani kwa kazi ya ofisini, jinsi mwanabenga yeyote angemtaja mtu aliyemlipia nauli.

Hili la kutaja watu ndilo kinyozi hakulielewa, ikabidi baba mdogo aeleze. Benga ilizaliwa wakati vijana wa Kijaluo walipochukua gita la kizungu na kulipiga kama nyatiti yenye nyuzi nane: besi haikai nyuma ikisubiri, inazungumza, na gita la solo linarudia alichosema mwimbaji kama jirani anayekubaliana naye. Unaimba beti zako, unawataja watu wako, kisha sauti zinanyamaza na magita yanakimbia. Hapo ndipo watu wanapoamka kucheza. Victoria Jazz walifanya hivyo, George Ramogi alifanya hivyo, na D.O. Misiani wa Shirati Jazz alifanya hivyo hadi ajali ya barabarani ilipomuua hapa Kisumu mwezi Mei 2006. Kumtaja mtu kwenye wimbo ni malipo. Wakati mwingine ni malipo ya awali: nakutaja leo ili kesho unikumbuke.

"Sasa hawa wazungu wanamtaja nani?" kinyozi akauliza.

Hilo ndilo swali la albamu nzima. Ili kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo.

Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya Desemba 30, 2007. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kutoka Migosi hadi Kondele ni mwendo mfupi wa miguu, na usiku ule ulisikia Kondele kana kwamba iko ndani ya nyumba. Mama alituweka chini ya kitanda, mimi na dada yangu, kwa sababu ya risasi. Hakutia chumvi. Tume ya Jaji Philip Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima, na huku Nyanza wengi wao waliuawa kwa risasi za polisi. Katikati ya mji maduka yaliporwa na kuchomwa. Majirani waliokuwa na majina ya Mlima Kenya walikimbilia kituo cha polisi na magodoro vichwani, na wengi hawakurudi.

Wanabendi wa Extra Golden walikuwa na familia huku kwenye moto huo. Wenzao Marekani, kampuni yao na mashabiki walichanga pesa na kuwatumia. Ndiyo maana albamu iliyofuata inaitwa vile. Mtu alituma haraka, naye anashukuriwa haraka. Mtu wa Kingereza cha shule angesema very much. Jina lile lina Kingereza cha mtu ambaye hana muda wa kutafuta neno sahihi, na kwangu hilo linalifanya liwe la kweli zaidi.

Kwa hivyo kinyozi wetu alipata jibu lake: wanawataja waliochanga. Wimbo wa kwanza kwenye albamu unaitwa "Gimakiny Akia", ya kesho siyajui. Wa mwisho ndio wenye jina la albamu. Unaanza na mtu asiyejua kama kutakucha, unamaliza na shukrani. Huhitaji mkosoaji kukueleza hiyo safari.

Sasa maoni yao, kama nilivyoyaandika.

Kinyozi alipenda "Fantasies of the Orient", ambao unaegemea roki kuliko wote. Alisema ukiuweka kwa matatu ya Kondele, makanga atakuuliza umeutoa wapi. Nyimbo za Kijaluo alisema ni ndefu. Nilimwambia urefu ndio benga yenyewe. Akasema, "Sawa, lakini mimi nina wateja."

Mteja wa povu alisema hakuna anachokiona cha maana hapo. Mzungu akipiga benga anaandikwa magazetini, Mjaluo akiipiga analipwa soda. Hakuna aliyempinga, kwa sababu ni kweli tunayoijua. Nilijaribu kusema kwamba waliimba pamoja, waliandika pamoja, walisafiri pamoja. Akajibu kwamba hajasema walikosea, amesema tu nani aliandikwa.

Mama wa samaki hakuingia ndani. Ulipopigwa wimbo unaoitwa "Ukimwi" aliacha kugeuza samaki. Ulipoisha akaniomba niurudie. Niliurudia. Hakutoa maoni yoyote, na hapa Kisumu mtu wa umri wake hana haja ya kutoa. Agosti 2006 Obama alipokuja mji huu alipimwa damu hadharani pamoja na mkewe, ili watu waache kuogopa kupimwa. Mama huyu alikuwepo siku hiyo. Alichosema kuhusu wimbo ni kwamba wamelitaja jina la ugonjwa bila kulizunguka, na kwamba kwenye matanga mengi aliyoenda miaka ile hakuna aliyelitaja.

Baba mdogo alisikiza yote sita bila kusema kitu, mkono wake wa kushoto ukibonyeza nyuzi ambazo hazikuwepo. Mwisho alitoa hukumu ya fundi. Gita moja linaingia kwa nguvu kuliko inavyofaa, kama mgeni anayebisha mlango uliokwisha funguliwa. Lakini yule wa dramu anawashika wote. Na Bilongo ni Bilongo. "Ni bendi," alisema. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Wengi anawaita watu wenye vyombo.

Kisha akasema jambo lililonifanya niandike haya yote.

Desemba ile ya 2007 amplifaya yake ilikuwa imeharibika, akaipeleka kwa fundi wa redio karibu na Kondele. Fundi huyo alikuwa Mkikuyu, aliishi hapa miaka mingi, aliongea Kijaluo cha kutaniana, na kila mwanamuziki wa upande huu alimjua kwa sababu hakuwa mtu wa kudai pesa mbele. Kibanda chake kilichomwa usiku wa kwanza au wa pili. Amplifaya iliungulia humo, pamoja na redio za watu, pamoja na kila kitu cha fundi. Waliochoma walikuwa vijana wetu. Baba mdogo alimjua mmoja wao. Bado anamjua.

Nimeisikia hadithi ya amplifaya maisha yangu yote. Kwetu ilisimuliwa kama sababu ya yeye kuacha muziki: vita vilikula chombo chake. Mimi nilimwonea huruma kwa hilo. Hakuna aliyewahi kuisimulia kama hadithi ya fundi.

"Hawa walitumiwa pesa, wakasema asante," alisema akiangalia spika. "Vizuri. Deni la asante ni rahisi. Yule fundi nilimwona kwa kituo cha polisi, amekalia sufuria iliyogeuzwa. Nilienda kumuuliza juu ya amplifaya. Nyathina, nilimuuliza amplifaya iko wapi."

Kinyozi alizima mashine. Mteja akajifuta povu iliyokuwa imekauka.

Sijui kama albamu hii ilipuuzwa kwa haki. Najua sababu. Kule iliwekwa kwenye rafu ya muziki wa dunia, ambapo wapenda roki hawafiki. Huku haikufikia hata wale wanaotoza shilingi kumi kukujazia nyimbo kwa memori kadi, na benga haiishi kwa santuri pekee. Inaishi baa, inaishi matangani, inaishi pale mwanamuziki anapoweza kukuona na kukutaja. Bendi ambayo nusu yake iko bara jingine haiwezi kuja kila Ijumaa. Ilipokoma hakukuwa na mtu wa kuilalamikia.

Lakini nadhani kuna sababu nyingine, na ndiyo inanifanya niseme ina kazi ya kufanya hapa kuliko Chicago. Hii ni albamu iliyotungwa na watu ambao mwaka mmoja tu baada ya ule moto walijua neno gani wanadaiwa, wakalisema, wakaliweka juu ya jalada. Sisi tulirudi sokoni Kibuye, tukajenga vibanda vipya pale pale palipokuwa na vya zamani, tukawa na nyimbo nyingi za uchaguzi uliofuata na uliofuata. Neno letu halikuwa asante, na ndiyo maana halina wimbo.

Nilimuuliza baba mdogo jina la fundi. Alilitaja mara moja, bila kufikiri, majina yote mawili. Kisha akaniomba niweke tena wimbo wa kwanza. Kinyozi akawasha mashine polepole, mama akarudi kwa samaki wake, na mzee akasogeza kiti karibu na spika, mkono wa kushoto tayari.